Mtoto wa Mbwa Aliyevunjika Mguu, na Jinsi Alivyofundishwa Tena Kutembea

Katika vijiji vingi mbuzi akivunjika mguu huchinjwa, nyama yake ikaliwa, wala hasara si kubwa. Lakini mbwa nyama yake hailiwi. Basi akivunjika mguu hutupwa. Watu humwacha kando ya njia, au humpeleka porini jioni, na hata asubuhi fisi amekwisha kulimaliza shauri lake. Wala watu hao si wakatili. Wengi wao hudhani ya kuwa mfupa wa mbwa hauungi, au ya kuwa mbwa mwenye kuchechemea hana faida tena. Maneno hayo mawili si kweli, na katika habari hii nataka kueleza kwa nini si kweli, na mtu afanye nini akiletewa mnyama wa namna hii nyumbani kwake.

Kwanza tujue neno moja lililo kubwa. Mfupa wa mtoto huunga upesi kuliko mfupa wa mzima. Ndivyo ilivyo kwa wanadamu, na ndivyo ilivyo kwa mbwa. Mbwa mzima aliyevunjika mguu huhitaji miezi miwili au mitatu, na pengine zaidi, hata mfupa ushikane. Lakini mtoto wa mbwa wa miezi miwili, mfupa wake ukiwekwa sawasawa, huweza kushikana kwa majuma 3 au 4. Sababu yake ni hii: mfupa unaokua hupata damu nyingi, na utando unaouvika huwa mnene, wenye nguvu ya kujenga mfupa mpya. Walakini upesi huo una hatari yake. Mfupa ukikaa upande, huunga upande, tena upesi vile vile, na mnyama hubaki kilema maisha yake yote. Kwa hiyo siku za kwanza ndizo zenye thamani.

MJANE NA MBWA WAKE

Katika kijiji chetu, chini ya milima ya Usambara, yuko mama mmoja mjane ambaye shamba lake la mahindi limepakana na msitu. Kila mwaka mahindi yakianza kukomaa, nyani hushuka kundi zima, na siku moja ya uzembe yatosha kuwapa chakula cha miezi mitatu. Mama huyu alikuwa na mbwa jike mwema sana, aliyemlindia shamba miaka sita. Mbwa yule aliumwa na nyoka akafa, akaacha mtoto mmoja wa miezi miwili. Wenzake wengine walikuwa wamekwisha gawiwa watu.

Siku moja ya mwezi wa Aprili, pikipiki ikapita njiani kwa kasi, na gurudumu likaupanda mguu wa nyuma wa mtoto yule. Mfupa wa muundi, chini ya goti, ukavunjika. Babu mmoja jirani, mtu wa heshima, akaja kumpa mama pole. Walipokwisha amkiana, akamwambia, “Mwanangu, mbwa wa miguu mitatu hafukuzi nyani. Mtupe, nami nitakutafutia mwingine.”

Mama akajibu, “Asante, baba, nimesikia. Lakini huyo mwingine atakuja lini, na atakua lini? Mahindi hayangoji. Tena mama yake huyu alinilindia chakula miaka sita. Nikimtupa mwanawe leo, nitakuwa mtu wa namna gani?”

Babu akanyamaza. Ndipo mama alipomtuma mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na mmoja, kuniita, maana nalifundishwa zamani mambo machache ya huduma ya kwanza. Yaliyofuata nitayaeleza kwa taratibu, ili kila msomaji apate kuyafuata.

KUMSHIKA PASIPO KUUMWA

Mnyama mwenye maumivu makali huuma hata mkono unaomlisha. Si ubaya, ni hofu. Basi usimwinamie kwa ghafula. Sema naye kwa sauti ya chini, umfunike kitambaa kizito, kisha mfunge kinywa kwa ukanda wa nguo, bila kukaza mno. Lakini akiwa anatapika au anahema kwa shida usimfunge kinywa. Usimwinue kwa kumshika miguu wala ngozi ya shingo. Msukume polepole juu ya kitu kigumu kilicho bapa. Sisi tulitumia ungo, ukatufaa kuliko machela.

Hapa sina budi kutaja kichaa cha mbwa. Katika watu 100 wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani, karibu 99 wameupata kwa mbwa, na kati yao wamo watoto wengi. Dalili zikiisha kuonekana, hapana dawa ya kumponya mtu. Lakini akitibiwa mapema huokoka. Kwa hiyo mbwa msiyemjua, anayetokwa na udenda, anayeuma vijiti na mawe, au anayepepesuka pasipo jeraha, msimguse kabisa. Mwiteni mtaalamu wa mifugo. Na mtu akiumwa au kukwaruzwa, na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje kesho. Watoto wafundishwe kusema wakiumwa, wala wasipigwe kwa kusema, maana mtoto aogopaye fimbo huficha jeraha. Naye mbwa apate chanjo atimizapo miezi mitatu, kisha irudiwe kama mtaalamu atakavyoagiza.

KUMTAZAMA KABLA YA KUUTAZAMA MGUU

Watu wengi wakiuona mguu unaning'inia, macho yao hukaa hapo tu. Lakini mguu uliovunjika hauui upesi. Linaloua ni lile lisiloonekana. Tazama pumzi zake. Inua mdomo uone ufizi: ukiwa mwekundu kidogo ni vema, ukiwa mweupe kama karatasi, huenda damu inavuja tumboni, na hapo kila saa ina maana. Tazama kama anakojoa, na kama mkojo una damu. Ukiona damu inatoka jeraha la mguuni, bonyeza kwa kitambaa safi hata ikome. Mfupa ukitokeza nje ya ngozi, usiurudishe ndani kwa mkono. Ufunike kwa kitambaa safi kilichotiwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, yakisha kupoa.

Jambo jingine la kukumbuka: usimpe dawa za maumivu za watu. Vidonge tunavyomeza sisi tukiumwa kichwa au mgongo vinaweza kumwua mbwa, maana mwili wake hauwezi kuvishughulikia kama wetu. Mama wa watu humpa kwa huruma, na huruma ile ikamzika mnyama.

KUFUNGA BANZI

Banzi la nyumbani ni la kumfikisha mnyama kwa mganga wake. Si badala ya mganga. Kanuni yake ni moja: kiungo kilicho juu ya pale palipovunjika, na kiungo kilicho chini yake, vyote viwili visitikisike. Kwa hiyo muundi ukivunjika, banzi lianze juu ya goti na kufika mpaka nyayo. Zungusha kwanza pamba au kitambaa laini, ndipo uweke vipande vya mwanzi vilivyolainishwa kingo, kisha ufunge kwa kitambaa. Ncha za vidole viwili vya katikati ziachwe wazi zionekane. Vikivimba, au vikiwa baridi, umekaza mno. Legeza mara moja, maana mguu uliokatiwa damu huoza.

Lakini mfupa wa paja, au ule wa juu wa mguu wa mbele, usiufunge banzi. Banzi haliwezi kupanda juu ya nyonga. Basi huning'inia na kuyumba kama pendulo ya saa, likazidisha kuumiza. Mnyama wa namna hiyo mweke ndani ya sanduku dogo asiweze kugeuka sana, umpeleke hivyo hivyo.

Mtoto yule wa mbwa tulimfunga jioni, na asubuhi daktari wa mifugo wa wilaya akamtazama. Akampa dawa ya usingizi, akaunyosha mfupa, akafunga upya. Naye aliufunga mguu ukiwa umekunjwa kidogo gotini, kama mbwa asimamavyo. Akatueleza sababu. Mguu wa nyuma wa mbwa mchanga ukifungwa umenyooka kama fimbo kwa majuma mengi, nyama ya paja hukauka na kushikamana na mfupa, na goti halikunji tena. Mfupa umepona, lakini mguu umekufa.

KUMWUGUZA

Majuma manne mtoto yule alikaa ndani ya tenga pana lililotandikwa gunia, jikoni penye joto. Hii ndiyo sehemu iliyo ngumu kwa watoto wa nyumba, maana mbwa mchanga akipata nafuu kidogo hutaka kucheza, nao hutaka kucheza naye. Mjukuu wa mama alipewa kazi tatu. Ya kwanza, kutazama vidole asubuhi na jioni, na kunusa kitambaa. Harufu mbaya ni habari ya kidonda kilichofichika. Ya pili, kubadili gunia likilowa. Ya tatu, kuhesabu siku, kwa sababu mbwa mchanga hukua haraka, na kitambaa kilichomtosha leo humkaba juma lijalo. Kila juma kilifunguliwa na kufungwa upya.

Chakula nacho kina neno lake. Mbwa anayelishwa ugali mtupu, au hata nyama tupu isiyo na mifupa, hukosa chokaa ya mwili, na mifupa yake huwa myembamba, ikavunjika kwa kuruka tu kizingiti. Dagaa wanaoliwa mzima, pamoja na mifupa yao, ni chakula chema na cha bei nafuu. Wachanganywe na ugali, na yai likipatikana. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, kwa sababu hupasuka ikawa kama sindano. Maji safi yawe karibu naye sikuzote, na dawa ya minyoo asikose.

KUMFUNDISHA KUTEMBEA

Juma la nne daktari aliuona mfupa umeshikana, akaondoa banzi. Watu waliokuwapo walidhani ya kuwa mbwa atasimama na kukimbia. Hakusimama. Akaukunja mguu ule chini ya tumbo, akarukaruka kwa mitatu. Mama akahuzunika, akasema kazi yote imepotea.

Haikupotea. Mguu uliokaa bila kazi majuma manne hupungua nyama, viungo hukaza, na mnyama husahau kwamba anao. Hapo ndipo huanza kazi ya pili, nayo haihitaji dawa wala fedha, ila mikono na saburi. Twaliifanya hivi:

Kwanza, kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto kidogo, yasiyounguza mkono, huwekwa juu ya paja na goti kwa dakika 5, ili nyama zilegee.

Pili, mnyama amelala kwa ubavu, kila kiungo hukunjwa na kunyoshwa polepole, mara 10 hata 15. Akivuta mguu au kugeuza kichwa, umefika mwisho; usipite hapo.

Tatu, kanga iliyokunjwa hupitishwa chini ya tumbo lake, mbele ya miguu ya nyuma, nawe ukaishika kwa juu kama kipini cha kikapu. Kanga inachukua sehemu ya uzito, naye anatembea huku nyayo zote nne zikigusa chini. Kila siku kanga hulegezwa kidogo.

Nne, atembee juu ya nyasi au udongo mkavu, wala si juu ya sakafu ya saruji iliyong'aa. Mguu dhaifu ukiteleza mara mbili, mnyama hukata tamaa mwezi mzima.

Tano, aende taratibu. Mbwa akikimbia aweza kuinua mguu mmoja asione hasara. Bali akienda polepole humlazimu kuutumia. Mjukuu alishika dagaa mkononi, akarudi nyuma hatua kwa hatua, na mbwa akamfuata.

Mambo hayo yalifanywa mara tatu kila siku. Kijana yule aliandika kwa mkaa, ukutani nyuma ya jiko, idadi ya hatua ambazo mbwa alikanyaga kwa mguu mbovu. Siku ya kwanza, sifuri. Siku ya tatu, sifuri. Siku ya tano, 4. Kisha 7, kisha 5, ndipo kijana akaja kwangu akilia kwamba mbwa anarudi nyuma. Nikamwambia atazame mstari wote, asitazame tarakimu moja. Mwisho wa juma la pili ukuta ulisema 31. Juma la nne hakuandika tena, maana mbwa alikwenda mbali kuliko alivyoweza kuhesabu. Wazee walisema, bandu bandu huisha gogo. Sikulijua neno hilo vema kabla ya kuuona ukuta ule.

Mwezi wa Julai nyani wakashuka. Mbwa alikuwa na miezi mitano tu, hakuwa na nguvu za kuwafukuza, lakini aliwasikia kabla ya mtu ye yote, akabweka hata mama na mjukuu wakatoka na madebe. Mahindi yakavunwa. Yule babu jirani akapita, akamtazama mbwa, akasema, “Hata hivyo, mwanangu, anachechemea bado.” Mama akacheka, akajibu, “Kweli, baba, anachechemea. Lakini kinywa chake hakikuvunjika.”

WALE WASIOSIMAMA TANGU KUZALIWA

Wako na watoto wa mbwa ambao hawakuumizwa na kitu, lakini hawasimami. Mtoto wa mbwa mzima hujaribu kusimama apatapo majuma 3 hivi, na kwa juma la 4 hutembea. Ukimwona mmoja amelala kifudifudi, kifua kimekuwa bapa, miguu imetawanyika pande zote kama ya chura, naye anaogelea juu ya sakafu, usimtupe. Tandika mkeka wa kukwaruza, kwa kuwa sakafu ya utelezi huzidisha ugonjwa huo. Funga miguu miwili ya nyuma kwa utepe laini wenye umbo la tarakimu nane, ikae kwa upana wa nyonga, isitawanyike wala isigusane. Mlaze kwa ubavu alalapo, umsimamishe mara nyingi mchana, dakika chache kila mara, na umkunje na kumnyosha miguu kama nilivyoeleza. Wengi wanaoanzwa mapema hutembea baada ya majuma machache. Wanaoachwa wakakua, kifua huwabana, na kupona kwao ni vigumu.

PALE AMBAPO MGUU HAUPONI

Si kila mguu hupona. Mwingine hukatwa, na mtu asidhani ya kuwa huo ni mwisho. Mbwa huchukua kadiri ya sehemu 60 katika 100 za uzito wake kwa miguu ya mbele. Kwa hiyo akikosa mmoja wa nyuma hupata taabu ndogo, na akikosa mmoja wa mbele hujifunza pia. Huko Marekani, katika Oklahoma, mwaka 2002 alizaliwa mbwa aliyepewa jina la Faith. Hakuwa na mguu mmoja wa mbele, na wa pili ulikuwa mbovu ukakatwa. Watu wake wakamfundisha kwa chakula kidogo kidogo kuinuka na kuruka, hata akatembea wima kwa miguu miwili ya nyuma kama mtu. Akaishi hata mwaka 2014, akizuru askari waliokatwa miguu vitani, nao wakimtazama.

Lakini uti wa mgongo ukivunjika, shauri ni jingine. Bana kidole cha mguu kwa nguvu. Akiuvuta mguu tu, hiyo si dalili ya kutosha, maana mguu huweza kujivuta wenyewe. Dalili ni kugeuza kichwa, kulia, au kutaka kuuma. Hapo yako matumaini. Asipohisi cho chote hata baada ya siku mbili, matumaini ni madogo sana. Daktari akisema hivyo, na mnyama ana mateso, kumlaza kwa dawa isiyo na maumivu ni huruma. Kumtupa porini akiwa hai si huruma, tena katika Tanzania Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

NENO KWA WAZAZI NA WAALIMU

Ninyi mlio na watoto nyumbani au shuleni, mnajua ya kuwa mtoto hujifunza zaidi kwa kazi kuliko kwa maneno. Mwambieni mara mia kuwa na saburi, atasahau. Mpeni mnyama dhaifu wa kumwangalia kwa mwezi mmoja, chini ya macho ya mtu mzima, pamoja na mkaa wa kuandikia, naye ataijua saburi kwa vidole vyake. Atajua pia kwamba siku mbaya moja si kushindwa, na kwamba kiumbe kisichoweza kusema “asante” chastahili msaada hata hivyo.

Na siku mtakapomwona mtoto wa mbwa kando ya njia, mguu umepinda, watu wamesimama wanamtazama, msiulize kwanza kama ana faida. Ulizeni kama anapumua vema, ufizi wake una rangi gani, na ungo uko nyumba ya nani.